Feloshipu ya uelekezi wa tamthilia: namna ya kuomba ukiwa Mombasa

Siku niliyomwambia mama kwamba nimepata feloshipu ya Uingereza, alinyamaza, akaweka kikombe chini, akaniuliza: "Feloshipu? Kama ile ya kina mama wa kanisa hapo Mwembe Tayari? Mwanangu, wataka kutwambia umeokoka?" Chai ilinipalia. Nikamweleza kwamba hii ni ya kazi. Ukumbi wa maigizo wa ng'ambo unamchukua mwelekezi ambaye ndio kwanza anaanza, unamlipia ndege, kitanda na posho ya chakula, naye anakaa nao wiki kadhaa au miezi, akitazama wanavyofanya kazi na kusaidia. "Basi si useme hivyo," akasema, akamalizia chai yake.

Tangu nirudi, wenzangu hunisimamisha pale Mnazi Mmoja nje ya Little Theatre, wengine hunitumia ujumbe usiku: dada, tupe siri. Nilikosa mara mbili, mara ya tatu nikakubaliwa, nikaenda Leeds miezi mitatu kama mwelekezi msaidizi. Naandika hapa yaliyonikosesha na yaliyonipatia, ili nikiulizwa tena nitume kiungo nikalale.

Jua kwanza unaomba nini

Neno feloshipu limebebeshwa mizigo mingi. Kuna za wiki mbili tatu, ambapo vijana wa tamthilia kutoka nchi mbalimbali hukusanywa kutazama maonyesho, kubishana na kufanya warsha. Mfano ni Internationales Forum, inayofanyika ndani ya tamasha la Theatertreffen mjini Berlin, mwezi wa Mei. Tamasha lenyewe lipo tangu 1964. Hapa huendi kuelekeza mchezo. Unaenda kufungua macho na kujuana na watu.

Kuna zinazokupeleka darasani. Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia mwaka mmoja wa shahada ya uzamili, na kwa kuwa kozi unachagua mwenyewe, uelekezi wa tamthilia unaweza kuwa mmojawapo. Hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mapema Novemba. Wanataka uwe na digrii ya kwanza, uwe umefanya kazi saa 2,800, na ukimaliza urudi kwenu ukae angalau miaka miwili. Hizo saa 2,800 huwatisha wasanii, maana nani kati yetu ana barua ya ajira? Lakini kazi ya kujitolea inahesabika, ya muda inahesabika. Kaa chini upige hesabu ya kazi yako ya miaka mitano iliyopita na utashangaa.

Kuna za kulipia mwenyewe. La MaMa, ukumbi wa New York ulioanzishwa na Ellen Stewart mwaka 1961, una mafunzo ya waelekezi kila msimu wa joto kule Umbria, Italia, karibu na mji wa Spoleto. Sifa yake ni nzuri, lakini washiriki hulipa ada. Si utapeli, ni shule. Ila kama huna wa kukulipia, usikeshe ukijaza fomu kisha ufike ukurasa wa mwisho ukutane na bei.

Na kuna zisizoombwa kabisa. Ule mpango wa Rolex, kampuni ya saa, wa kumkabidhi msanii chipukizi kwa msanii mkubwa, ulioanza 2002, watu hupendekezwa kimyakimya. Mtu akikuuzia fomu yake pale mjini, mkimbie.

Yangu ilikuwa ya aina nyingine: ukumbi mmoja, mchezo mmoja, kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi mpaka wiki ya pili ya maonyesho. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayomfaa zaidi mwelekezi wa kwetu, kwa sababu kitu ambacho hatupati hapa ni nafasi ya kumtazama mtu mwingine akielekeza. Kila mmoja wetu alijifunza peke yake gizani.

"Anayeanza" si umri. Baadhi huweka mpaka wa miaka 35, nyingi hazina mpaka, zinataka tu uwe umeelekeza michezo kadhaa mbele ya hadhira na bado hujawa jina. Na michezo hiyo si lazima iwe ya ukumbi wa taa na mapazia. Nimeelekeza setibuku, yaani tamthilia zinazotahiniwa shuleni, tangu 2016: ukumbi wa chakula wa shule, wanafunzi mia nne wa fomu tatu na nne, maikrofoni moja inayokata, na mwalimu anayetaka tumalize kabla ya kengele. Mara ya kwanza niliificha kazi hiyo kwa aibu. Mara ya tatu niliiweka juu kabisa, nikaeleza unavyoelekeza mchezo ambao wengi wa watazamaji wameshausoma na wanasubiri mstari wautaje pamoja na mwigizaji. Waliniuliza kuhusu hilo kwa dakika kumi nzima.

Na usidharau vya karibu. Tamasha la tamthilia la Kampala huwa Novemba, Ubumuntu ya Kigali huwa Julai. Ukishaonekana huko hata kwa onyesho la nusu saa, una kitu cha kuandika, na Kampala basi linafika.

Kazi yako haionekani, ndiyo shida

Mwigizaji anaonekana. Mshonaji wa maleba ana kitambaa cha kushika. Mwelekezi akifanya kazi yake vizuri, watu wanatoka wakimsifu mwigizaji. Sasa unamthibitishiaje mtu aliyeketi Leeds kwamba ile pumzi mwigizaji aliyoivuta kabla ya kusema "sijui" ilitoka kwako?

Maombi yangu mawili ya kwanza yalikuwa na mabango, picha za waigizaji wangu wakilia, na cheti cha kushiriki warsha ya siku mbili. Vizuri sana. Lakini jopo likiangalia vile lingeweza kumpa nafasi mpiga picha.

Kilichobadilika ni daftari. Nilinunua kaunta buku, ile ngumu ya jalada jeusi. Ukurasa wa kushoto nabandika skripti. Wa kulia naandika nani anakwenda wapi, na chini yake jambo ambalo zamani sikuwa naliandika: tulijaribu nini kikakataa, na kwa nini nimechagua hiki. Tarehe juu. Naandika siku hiyo hiyo, hata kama ni kwenye matatu ya Kisauni na mkono unatetemeka.

Huu hapa ukurasa mmoja, nilioupiga picha nikautuma jinsi ulivyo, pamoja na tafsiri. Mchezo ulikuwa wa rafiki yangu, kuhusu wake wenza wawili wanaokaa eda katika nyumba moja:

"Jumanne, Tononoka. Mke mkubwa anasema maneno yake akiwa amesimama katikati. Yanapaa, hayatui. Nimemkalisha chini na ungo achambue mchele. Bado anakimbia. Nimempa sheria: husemi mstari mpaka upate punje mbovu. Mchele wetu ni safi! Tumetia vijiwe kumi na viwili. Sasa mke mdogo anangoja kila jibu, na sisi sote tunangoja naye. Mchezo umerefuka dakika mbili. Ziache."

Mistari michache tu. Lakini mtu akiisoma anajua nimeona tatizo gani, nimejaribu nini kwanza, nini hakikutosha, na bei niliyokubali kulipa. Ukurasa wa namna hiyo una uzito kuliko cheti, na huwezi kuughushi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kwa hivyo kama unafikiria kuomba mwaka ujao, usianze na fomu. Anza na daftari, kwenye mazoezi ya wiki hii, hata kama ni mchezo wa kuhamasisha watu wanawe mikono.

Barua ya kujieleza

Karibu kila programu itakutaka ueleze kazi yako kwa kurasa moja au mbili. Yangu ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa ya sanaa, na ndoto yangu ni kujifunza kutoka kwa wataalamu ili niinue vipaji vya vijana wa Pwani." Haina kosa la sarufi. Ungeweza kufuta jina langu ukaweka la mchezaji wa sarakasi na isingegundulika.

Sentensi ile ina ugonjwa mwingine pia: inakuja na bakuli mkononi. Sisi huku tuna mengi yetu ya kutoa. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1963, na 2012, ukumbi wa Globe wa London ulipoalika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kundi la Kenya ndilo lililosimama pale kwa Kiswahili. Omba kama fundi anayemtembelea fundi mwenzake.

Barua iliyonipeleka ilianza na usiku mmoja Mji wa Kale. Ule mchezo wa wake wenza tuliuonyesha katika ua wa nyumba, wanawake wamekaa barazani na kwenye majamvi, wanaume wamesimama karibu na mlango. Siku ya kwanza, katikati ya ugomvi mkali kabisa, ikaadhiniwa isha. Msikiti uko ukuta wa pili. Waigizaji wangu walipaza sauti kushindana na spika, na walishindwa, kama inavyostahili. Watazamaji wakainamisha vichwa, si kwa sababu ya mchezo. Nikaona nimewatia watu wote aibu, wao na mimi.

Ningeweza kuanza saa mbili unusu, baada ya swala. Waliniambia hivyo wote. Lakini wanawake wengi wa pale walikuwa na watoto wa kulaza. Nikaamua adhana iwe ndani ya mchezo. Kesho yake tulipima muda tangu mwanzo, ugomvi ukafikishwa palepale, na muadhini alipoanza, mke mkubwa alinyamaza katikati ya neno. Katikati ya neno, si ya sentensi. Akajitanda ukaya wake, mke mdogo akafanya vivyo hivyo, wakakaa kimya bega kwa bega mpaka mwisho. Ndipo tukatoa mapumziko ya swala na chai. Tuliporudi, mke mkubwa alimalizia lile neno. Halikuwa tusi tena.

Ndiyo barua nzima, pamoja na aya moja mwishoni: kwamba nataka kujua ukumbi uliofungwa milango na kuzima sauti zote za nje unafanya nini pale unapohitaji kitu kikubwa kuliko mchezo kiingie ndani. Hilo ni swali, na lilikuwa swali langu kweli. Tafuta usiku wako wa namna hiyo. Uandike kwa Kiswahili kwanza, mpaka ukae sawa, halafu ndio ugeuze kwa Kiingereza. Mimi nikianza kwa Kiingereza naandika kama ripoti ya mradi, na najua si mimi peke yangu. Miaka ya kufanya michezo ya wafadhili imetufundisha sote kuandika "kuwezesha jamii" bila kufikiri.

Video

Dakika tatu hadi tano, au kadiri walivyosema, si zaidi hata sekunde. Simu inatosha. Iweke kwenye stendi mahali utakapoona jukwaa lote, usisogezesogeze, usikate kwa muziki. Zima feni. Mimi nilizima feni za ukumbi wakati wa mazoezi ya Machi na waigizaji wakaninunia mpaka leo, lakini sauti ilisikika. Tia tafsiri ya Kiingereza chini.

Na hapa kuna hila niliyojifunza kwa fundi wangu wa taa, mzee mmoja ambaye tumefanya naye kazi michezo tisa. Aliniambia, "Wewe waonyesha chakula kilichoiva. Waonyeshe na kibichi." Basi nikarekodi mazoezi. Kipande kimoja: mke mkubwa amesimama, anasema. Kipande cha pili, wiki mbili baadaye, mistari ile ile, na ungo. Nikaviweka kimoja baada ya kingine bila maelezo. Dakika tatu na nusu zote hizo.

Waombe waigizaji ruhusa, kwa maandishi, hasa akina dada ambao nyumbani hawajui kama wanaigiza. Video iweke iwe ya mwenye kiungo peke yake, na kabla hujatuma ifungue kwa simu ya mtu mwingine. Mwaka wa pili niliwatumia kiungo kilichofungwa. Niligundua Februari.

Wadhamini wa kukuandikia

Watataka barua mbili za watu wanaokujua. Kosa la kwetu ni kutafuta mkubwa: mheshimiwa, chifu, mkurugenzi wa idara. Nilipewa barua ya namna hiyo mara ya kwanza, na muhuri juu, ikisema mimi ni "msichana mwenye nidhamu anayeheshimu wakubwa". Ni kweli, lakini haikumsaidia mtu yeyote.

Mtafute aliyekuona ukiwa kazini. Wangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyeelekeza michezo ya tamasha la shule kwa miaka mingi na huja kukaa nyuma kwenye mazoezi yangu na gazeti lake. Wa pili ni yule mzee wa taa. Mtu aliyekuona ukiamua saa tano usiku, taa mbili zimeungua na mwigizaji mmoja hajafika, ana habari zako kuliko ofisi yoyote. Niliwaandikia programu kuuliza kama fundi anakubalika, wakajibu ndiyo, tena kwa furaha.

Wape wiki nne. Wape pia barua yako waisome, tarehe ya mwisho, na barua pepe watakayopokea. Barua nyingi siku hizi mdhamini hutumiwa kiungo aijaze mwenyewe, na kiungo huingia kwenye barua taka. Mzee wangu hana barua pepe. Tulikwenda saiba pamoja, tukamfungulia, akaandika kwa kidole kimoja saa mbili nzima huku akinifukuza nisichungulie.

Wasifu ufanye ukurasa mmoja, mchezo, mahali, mwaka, na idadi ya maonyesho. Usiseme uongo hata wa kuzungusha. Hii dunia ya tamthilia ni kijiji.

Saa

Hili nalitaja kando kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Maombi yangu ya kwanza yalikuwa yanafungwa "12:00" saa za Uingereza, mwezi wa Novemba. Mimi kichwani nikasoma usiku wa manane. Ilikuwa ni adhuhuri yao, na adhuhuri yao ya Novemba ni saa tisa alasiri kwetu. Saa kumi na moja jioni nilikuwa bado naremba aya ya mwisho, nimetulia, mahamri pembeni.

Tofauti yetu na London ni saa tatu kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, na saa mbili miezi mingine. Iandike kwa Kiswahili ukutani, "saa tisa alasiri", usiiache kwa tarakimu. Kisha jifanye tarehe ya mwisho ni siku tatu kabla, kwa sababu stima itapotea. Sisemi huenda.

Mahojiano

Ukiitwa, yatakuwa kwa video, nusu saa hivi. Tafuta chumba kisicho na kunguru. Nasema kweli: mwaka wa tatu nilifanyia kwa shangazi Makadara, ghorofa ya pili, na kunguru wa mwarobaini walijiunga na mazungumzo tangu mwanzo. Mwanamke mmoja wa jopo akauliza hao ni nani. Nikamwambia ni hadhira ya kawaida ya Mombasa. Ilinisaidia, lakini usitegemee hilo.

Waliniuliza mambo manne. Mwigizaji akikataa unachomwambia unafanya nini. Mchezo gani uliokushinda, na sasa ungeufanyaje. Kwa nini ukumbi wetu na si mwingine. Utakaporudi itakuwaje. Hakuna swali la kupima maarifa, kwa hivyo usikeshe ukikariri majina ya waelekezi wa Urusi. Kwa lile la kwanza, nilisema ukweli: mke mkubwa alikataa ungo siku mbili, akisema yeye si mwigizaji wa jikoni. Nikamuuliza, "Mama yako mzazi alikaa vipi alipokasirika?" Hakujibu. Siku ya tatu alikuja na ungo wa nyumbani kwao. Kwa la kwa nini ukumbi wetu, soma ratiba yao ya misimu miwili na utaje kitu kimoja unachokitaka kwa dhati. Hujakiona? Sema hujakiona.

Weka jina lako sawa kabla ya yote

Pasipoti omba sasa hivi, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hata kabla hujapata programu. Ya mtu mzima inadumu miaka kumi, na unaposafiri inatakiwa iwe na miezi sita mbele. Waswahili tuna balaa letu la majina: cheti cha kuzaliwa Mwana Aisha, kitambulisho Mwanaisha, cheti cha shule Aisha na jina la babu. Kwetu ni mtu mmoja, kwa ubalozi ni wanawake watatu. Mimi ilinichukua wiki tano na hati ya kiapo kwa wakili.

Viza hutegemea nchi na muda. Nchi za Schengen kwa muda mfupi hukupa si zaidi ya siku 90 ndani ya 180, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Uingereza, kwa kazi ya muda ya usanii kama yangu, mwenyeji wako ndiye anayekutolea hati ya udhamini, na utatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Isipokuwa, na hapa ndipo pa kushika kalamu, mwenyeji akitia alama kwenye ile hati kwamba atakugharimia. Niliwaomba watie alama. Hawakuwa wamefikiria, wakatia siku hiyo hiyo. Nisingeuliza, ningekuwa nakopa pesa za kuzionyesha tu. Ukikaa zaidi ya miezi sita, Uingereza hutaka pia kipimo cha kifua kikuu.

Alama za vidole nilikwenda kutoa Nairobi, treni ya SGR ya asubuhi kutoka Miritini, nikalala kwa binamu, nikarudi kesho yake. Hesabu safari hiyo kwenye bajeti, na uliza kama wanairudisha. Kwa jumla uliza kila kitu cha pesa kabla hujatia sahihi: tiketi wanakata wao au unakata wewe kisha wakurudishie? Posho ya kwanza unaipata siku unayofika au mwisho wa mwezi? Neno "tutakurudishia" limemzuia mtu nyumbani kuliko kukataliwa viza. Ukieleza kwamba huna cha kutanguliza, programu nyingi za kistaarabu hubadilisha utaratibu. Hakuna aibu hapo.

Koti nunua Kongowea. Makoti mazito ya mitumba huko hayana mteja, nani avae? Langu, la sufu, lenye kofia, shilingi 800, na pale Leeds mtu aliniuliza nilinunua duka gani.

Ukifika

Utakuta mwelekezi wa miaka sitini anaitwa kwa jina lake la kwanza na mtoto wa miaka ishirini anayeleta chai. Mdomo wangu ulikataa wiki nzima, mara ya kwanza nikamwita "Mama" mbele ya kasti yote. Aliipenda. Mazoezi huanza dakika ileile iliyoandikwa, na meneja wa jukwaa akisema mapumziko, ni mapumziko, hata mwelekezi yuko katikati ya neno. Nilimwambia hapo najua mchezo mmoja unaofanana na hilo.

Kaa na daftari lako. Usiandike alichoamua, andika alichokataa kabla ya kuamua. Na siku za kuweka taa na sauti, zile za saa kumi na mbili mfululizo ambazo kila mtu huzichukia, usizikimbie. Kuna siku walitumia dakika arobaini kwa taa moja ya dirishani. Nilimtumia mzee wangu picha. Akajibu: "Na sisi tungepewa dakika arobaini."

Nilimletea zawadi, roli mbili za ile tepu nyeusi ya kitambaa ya kufungia nyaya jukwaani, ambayo hapa tunaifidia kwa selotepu na plasta. Nilidhani ataanza kuzitumia wiki hiyo hiyo. Moja ameifungua, anakata vipande vya inchi mbili mbili na kuvibandika ukutani kwa foleni. Ya pili iko juu ya kabati la taa, bado kwenye karatasi yake. Ukimuuliza, hujibu kwamba hiyo inangoja mchezo wa Desemba.